USINGIZI UKIKATAA: NENO KWA WANAOMEZA VIDONGE



Katika matembezi yetu kwa wagonjwa, sisi mashemasi tunasikia neno moja kila juma: usingizi umekataa. Baba analala macho wazi akihesabu deni la masomo ya watoto. Mujane anasikia kila mbwa anayebweka. Ndugu waliokimbia Goma wakati wa vita vya Januari 2025 wanatuambia kwamba mulango ukipigwa tu na upepo, moyo unaruka na usiku umekwisha.

Kukosa usingizi si zambi. Tunalisema mbele, kwa sababu wako wanaoficha shida hii wakiogopa kuambiwa kwamba imani yao ni ndogo, ao kwamba wamelogwa. Mufalme Dario alikesha bila kula kwa ajili ya Danieli aliyekuwa katika shimo la simba; mawazo ndiyo yaliyomunyima usingizi. Na Eliya, alipochoka hata kuomba kufa, malaika hakumuhubiria. Alimupa mukate na maji, naye Eliya akalala tena. Someni 1 Wafalme 19.

Lakini leo wengi wanaenda farmasi ya pembeni ya njia, hata kwa muuzaji anayebeba dawa katika beseni, wananunua diazepamu kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya munganga. Dawa hiyo si adui. Inatumika tangu mwaka 1963, na hospitalini inaokoa mutu aliyeshikwa na kifafa. Kwa usingizi, lakini, ni ya siku chache. Waganga wanasema isipite majuma mawili ao manne. Mwili unaizoea. Kidonge kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vitatu, na siku vinapokosekana usingizi unakimbia kuliko mbele.

Tena haitoki mwilini asubuhi. Motari aliyeimeza usiku anaweza kusinzia juu ya pikipiki saa mbili asubuhi, akiwa amebeba muke wa mutu na mutoto. Muzee anaamuka kwenda choo, anaanguka, anavunjika nyonga. Na mwenye kuimeza pamoja na kasiksi, lutuku, ao dawa ya maumivu kama tramadoli, pumzi yake inaweza kupungua mupaka ikome, bila yeye kuamuka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Wako wanaotoka kwenye kesha wamepewa neno kwamba Mungu amewafungua, wanafika nyumbani na kutupa vidonge vyote katika choo siku ile ile. Tunaheshimu unabii, kanisa letu limesimama juu yake. Lakini mwili uliozoea dawa hiyo kwa miezi, ukinyimwa kwa gafula, unatetemeka, unatoka jasho, unaona vitu visivyokuwako, hata kuanguka kifafa. Halafu watu wanasema: pepo limerudi! Wanamufunga mugonjwa kamba, wanamunyima chakula siku tatu. Ndugu, hilo si pepo. Ni mwili unaodai dawa. Mutu huyo apelekwe upesi kwenye kituo cha afya, na vidonge vipunguzwe polepole, majuma mengi, chini ya macho ya munganga. Maombi yaendelee pembeni yake. Nusu ya kidonge haiyazuii.

Na usiku tufanye nini? Tuamuke saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mubaya. Kahawa na chai kali ziishie muchana. (Pombe hatuna haja ya kuirudilia: inalaza mutu saa ine, inamuamusha saa nane.) Simu iwekwe mbali na kitanda, habari za vita zitangoje asubuhi. Ukikaa macho muda murefu, ondoka, keti, omba kwa sauti ndogo, urudi usingizi unapokuja. Mama anayeamuka saa kumi kwenda soko, kesha moja katika juma linamutosha, asione haya. Lakini yule ambaye usingizi umemupotea majuma mengi, analia peke yake ao anawaza kujiua, apelekwe kwa munganga leo, asingojee Siku ya Mungu.

Kila siku ya tatu, kisha maombi ya asubuhi, mashemasi wawili wanabaki kanisani. Mwenye vidonge nyumbani avilete pamoja na pakiti yake, tumusindikize mupaka kituo cha afya. Jina lake halitasomwa mbele ya kusanyiko.