Msimhukumu Samaki kwa Rangi Yake

Wanangu mnaochimba mabwawa kwenye mabonde ya Kasulu na Kibondo, nisikilizeni kabla hamjamwaga dawa. Jambo ninaloliona linajirudia kila msimu. Kijana anaamka, anafika bwawani, anakuta sato wake mmoja kawa mweusi, mwingine kapauka, moyo unamwenda mbio. Jua halijapanda vizuri ameshanunua vidonge vya tetrasaiklini, dawa ya binadamu, ameshavipasua na kuvimwaga majini. Mwingine anavua wote siku hiyohiyo na kuwauza kwa bei ya kutupa, samaki ambao hawajatosha hata kiganja. Kazi ya jembe ya miezi inaisha asubuhi moja, na mara nyingi samaki wale hawakuwa na ugonjwa wowote.

Rangi ya samaki haitulii. Ndani ya ngozi yake mna chembe zilizobeba rangi, nyingine nyeusi, nyingine njano, nyingine nyekundu. Rangi nyeusi ikitandaa ndani ya chembe zake, samaki anakolea. Ikijikusanya katikati, anapauka. Zinazoamuru ni neva na homoni, kwa hiyo hofu inambadilisha, giza linambadilisha, ugomvi na hamu ya kuzaa vivyo hivyo. Hapo chini yetu, kwenye Ziwa Tanganyika, yupo samaki mdogo ambaye wataalamu wanamwita Astatotilapia burtoni. Mwaka 1977 mtafiti Russell Fernald na mwenzake Hirata walichapisha uchunguzi wao juu ya maisha yake huko huko ziwani. Dume lenye eneo lake hung'aa njano au buluu, na mstari mweusi hushuka kutoka jichoni. Likinyang'anywa eneo hilo, mng'ao unazima na mstari unafutika ndani ya dakika chache, hata ukadhani ni jike. Likipata tena nafasi, mstari unarudi upesi vilevile. Samaki huyo hajaugua. Kashindwa vita tu.

Umri nao una rangi zake. Tropheus duboisi, mmoja wa samaki wa mapambo wanaosafirishwa kutoka Kigoma kwenda kwa wafugaji wa ng'ambo, akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima. Akikua madoa yote yanapotea, kichwa kinageuka buluu na mkanda mweupe au wa njano unamzunguka kiunoni. Asiyejua angesema hawa ni samaki wawili tofauti, au angesema yule wa kwanza ameharibika.

Sasa turudi kwenye bwawa lako. Dume la sato likitaka kuzaa, koo na mapezi yake huiva wekundu, na utaliona likichimba kishimo cha duara chini kwenye tope na kufukuza kila anayekaribia. Jike likishataga hukusanya mayai mdomoni na kuyaatamia humo, pamoja na vifaranga vinavyoanguliwa, kwa muda wa wiki mbili hivi kufuatana na joto la maji. Muda huo halili. Taya la chini linavimba, anajitenga pembezoni, mistari ya ubavuni inakolea. Hapa ndipo vijana wengi wanapoteza mama bora wa vifaranga: wanaona samaki amekonda, ana rangi mbaya, hagusi pumba, wanamtoa wakidhani mgonjwa. Ukimkamata mwangalie kwanza kwenye mdomo. Ukiona mayai ya rangi ya chungwa, au vichwa vidogo vyenye macho, mrudishe taratibu na umwache.

Udongo wetu ni mwekundu, nao una neno lake. Mvua zikianza na maji ya mlimani yakaingia bwawani bila mfereji wa kuyakwepesha, bwawa linageuka uji wa tope, na samaki waliokuwa wameiva wanapauka wote pamoja. Wakipauka wote kwa siku moja baada ya mvua, uliza maji kabla ya kuuliza samaki. Na mwezi wa sita na wa saba, usiku wa nyanda hizi unapokuwa baridi, sato hupooza. Ni samaki anayependa maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kidogo sana, na ukiendelea kumrundikia chakula kinaoza chini na kuchafua maji. Punguza chakula, mpe mchana jua likishawaka. Na msimu huo msiwavue ovyo kwa nyavu, maana jeraha la wakati wa baridi hushika ukungu upesi.

Basi afya utaipima wapi? Anza saa ya kulisha. Tupa chakula kidogo, simama kimya, tazama. Samaki wazima hukijia kwa kishindo, maji yanachemka. Mwenye shida hubaki nyuma, amebana mapezi ubavuni badala ya kuyatandaza, au anajisugua kwenye mawe na ukingo. Kisha mmoja umshike kwa mikono iliyoloa, usiikaushe, kwa sababu ute ulio juu ya ngozi yake ndio ngao yake. Inua kifuniko cha shavu utazame matamvua. Yakiwa mekundu kama damu mbichi, vema. Yakiwa meupe, ya kahawia au yamejaa ute mzito, hapo pana jambo. Tazama macho: yametokeza? Yana wingu jeupe? Tazama tumbo kama limejaa maji hadi magamba yamesimama, na mapezi kama yameliwa pembeni au yana kitu kama pamba.

Alfajiri ndiyo saa ya kweli ya bwawa. Usiku mimea midogo iliyomo majini haitoi hewa ya oksijeni, inaitumia, na karibu na mapambazuko ndipo hewa hiyo inapopungua zaidi. Ukiwakuta samaki wote wamepanda juu, midomo inachezacheza usoni pa maji, hiyo si minyoo wala homa, wanakosa pumzi. Usilishe siku hiyo. Usitie samadi. Fungulia maji mapya, yaporomoke kutoka juu yabebe hewa. Na ujifunze kupima kwa mkono: zamisha mkono taratibu hadi kiwiko. Kiganja kikiwa kinaonekana waziwazi, maji yako ni mepesi, hayana chakula cha asili. Kikipotea kabla maji hayajafika juu ya kifundo cha mkono, maji ni mazito mno. Hao samaki weusi mnaowaogopa, mara nyingi wako kwenye bwawa la namna hii ya pili, lililotiwa samadi ya ng'ombe bila kipimo.

Yapo magonjwa ya kweli, na mojawapo sitaki mlichukulie kama hadithi ya mbali. Ni kirusi cha sato kilichotangazwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa Israeli mwaka 2014. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa tahadhari juu yake, na mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba wamekikuta kwenye sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Samaki aliyeshikwa hukolea weusi, huacha kula, macho yanavimba au yanaingia wingu, ngozi inachubuka, na vifo vinafuatana. Weusi peke yake hausemi kitu. Weusi pamoja na macho mabovu na maiti kila siku ni mambo mengine kabisa. Hakina dawa ya kumwaga majini. Ndiyo maana naomba mjue vifaranga mnavyonunua vimetoka wapi, na msivipokee kwa sababu tu vimeletwa na pikipiki kwa bei rahisi.

Kuna na wale wenye matangi ya kioo sebuleni au saluni, yenye samaki wa dhahabu aliyetolewa Dar es Salaam. Huyo wahenga wake walikuwa wa kijivu. Wachina ndio waliomchagua kizazi baada ya kizazi, zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Mpaka leo huanguliwa akiwa na rangi ya tope, na uwekundu unakuja baada ya miezi. Wengine uzeeni hugeuka weupe wakiwa wazima kabisa. Akifungiwa mahali pa giza anafifia. Lakini mabaka meusi yakitokea ghafla kwenye tangi ambalo halibadilishwi maji, mara nyingi ni ngozi inayopona baada ya kuunguzwa na amonia, uchafu wake mwenyewe. Badilisha robo ya maji, si yote kwa mara moja, na maji ya bomba yaache kwanza yakae wazi usiku kucha ili klorini iondoke.

Kwa ukungu na wadudu wa ngozi, chumvi inatosha. Nasi tuko karibu na Uvinza, ambako chumvi imechemshwa tangu zama za mababu. Kilo moja katika lita 100 za maji, samaki aingie dakika 10 tu, ukimtazama muda wote. Akianza kulala ubavu, mtoe hata kama dakika hazijafika. Fanya hivyo kwenye beseni au pipa. Usimwage chumvi bwawani. Vile vidonge vya hospitali viacheni kabisa: vinaua bakteria wanaosafisha maji, vinawafundisha wadudu ukaidi, na mabaki yake mtawalisha watoto wenu na wa watu.

Nina la mwisho, na hili nalisema kwa ukali. Mabonde yetu yanapokezana maji. Unayeosha bomba la kupulizia dawa ya nyanya kwenye mfereji unaoingia kwa jirani, unaua. Unayetumia utupa kuvulia samaki kijitoni, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza sumu, na maji hayo yanateremka hadi Malagarasi, kwenye ardhi oevu iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000, ya kwanza nchini mwetu. Unayetupa maiti za samaki kijitoni, unampelekea mwenzako ugonjwa. Zika mbali na maji, umwagie chokaa. Usiwauze, usiwagawe. Bwawa lililougua likaushe hadi tope lipasuke, tia chokaa, ndipo ujaze upya. Nyavu na ndoo zake zisiingie bwawa la mtu mwingine.

Na unapomwendea afisa uvuvi wa halmashauri usimpelekee samaki aliyekwisha kunuka, kwa sababu matamvua huharibika ndani ya saa chache na hapo hana cha kukwambia. Mpelekee mmoja anayekaribia kufa lakini hai, kwenye mfuko wenye maji ya bwawa hilohilo na hewa ya kutosha, pamoja na chupa ya maji. Beba na daftari: uliwalisha nini, mvua ilinyesha lini, samadi uliweka lini, wangapi wamekufa siku ipi.