Lita Tatu za Asubuhi

Nyumbani kwetu Tongaren, maziwa ya asubuhi ni ya karo na ya jioni ni ya chai. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini kila mtu anaijua. Saa kumi na mbili na nusu jamaa wa bodaboda anapiga honi langoni. Mamangu anampimia lita sita, anaandika kwenye daftari lake la kurasa za mraba, na maziwa yanashika njia ya Kitale. Jioni ng'ombe anatoa mbili, akiwa na furaha tatu. Hizo ndizo zetu.

Januari iliyopita niliivunja sheria hiyo, na bado naifikiria.

Nilikuwa nimetoka Nairobi kwa likizo. Kwenye simu nilikuwa nimeona mapishi ya yogati ya barafu, yale ya wenzetu wa Ulaya wanaosubiri jua la miezi mitatu ndipo wale matunda. Nikacheka. Sisi hatuna hiyo summer yao, lakini kiangazi tunacho, na vumbi lake, na mpera mmoja nyuma ya choo unaoangusha mapera kuliko tunavyoweza kuokota. Pasheni zilikuwa zimetambaa juu ya ua. Maziwa yapo. Hata friji ipo: niliinunua mimi miaka miwili iliyopita, mamangu akaifanya kabati. Ndani kulikuwa na sukari, majani ya chai, vyeti vya kuzaliwa na Biblia. Tokeni za stima ni ghali, alisema, na panya hawawezi kufungua friji.

Basi asubuhi moja nikaamka kabla yake, nikakama mwenyewe, nikaweka lita tatu kando. Bodaboda alipofika alipata tatu badala ya sita. Mamangu alitazama sufuria, akanitazama mimi, akaandika tatu kwenye daftari. Hakusema kitu.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka subira tu. Unachemsha maziwa hadi yakaribie kufura, unayaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia, kama digrii 45 hivi. Unakoroga vijiko vichache vya yogati ya dukani isiyotiwa ladha, hiyo ndiyo mbegu. Unafunika sufuria, unaifunga blanketi, unaiacha saa nane. Ikishashika unaimwaga kwenye kitambaa safi na kukining'iniza ili maji yatoke. Hatua hii usiiruke, kwa sababu maji yanayobaki ndiyo yanayogeuka chembe za barafu zinazokwaruza ulimi. Mapera unayapika kidogo na sukari kisha unayachuja mbegu. Pasheni unaikamua hivyo hivyo. Sukari haipo kwa utamu pekee: inazuia maji yasigande yote, ndiyo maana ukiipunguza sana unapata jiwe. Ukitaka kutumia nanasi, lipike kwanza. Likiwa bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na yogati inakuwa chungu. Halafu unagandisha, na kila nusu saa unatoa na kukoroga kwa uma.

Vyeti vya kuzaliwa vilihamia kitandani. Nilinunua tokeni.

Wakati nakoroga mara ya pili, ndugu yangu mdogo alikuwa mezani akipanga vitu vya shule. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata, na muhula uliopita alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya salio. Alikuwa na orodha: sabuni, madaftari, karatasi za kuchapishia. Nikapiga hesabu bila kutaka. Lita tatu kwa shilingi 50 ni 150. Madaftari mangapi hayo? Uma ukawa mzito mkononi.

Kuna mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, aliyechapisha insha mwaka 1972 ambayo bado inasumbua watu vyuoni. Alikuwa akiwafikiria wakimbizi wa Bengali ya Mashariki. Hoja yake ni rahisi kiasi cha kuudhi: ukipita karibu na kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia umtoe hata kama nguo zako zitachafuka. Basi mtoto anayekufa njaa mbali nawe ana tofauti gani? Pesa unayotumia kwa kitu usichokihitaji, anasema, si yako kutumia hivyo wakati mwingine anaihitaji ili aishi. Ukiifuata hoja hii mpaka mwisho, yogati ya barafu haina utetezi. Hakuna mtu aliyekufa kwa kuikosa.

Lakini Singer alikuwa akiwaandikia watu ambao starehe yao iko nchi moja na shida iko nchi nyingine. Kwetu vyote viwili vilikuwa jikoni moja, na mwenye haki ya starehe alikuwa ndiye huyo huyo mwenye shida. Nilijiambia hivi: mamangu amekama ng'ombe miaka ishirini na zaidi, na maziwa yake mazuri yanaliwa na watu asiowajua. Mtu anayeuza kila kilicho bora na kula kile ambacho soko halikutaka, mwishowe hajioni yeye mwenyewe kama mabaki ya soko? Hata Epicurus wa Athene, ambaye jina lake watu wamelifanya alama ya anasa, inasimuliwa kwamba aliishi kwa mkate na maji, na aliwahi kumwomba rafiki amtumie jibini kidogo ili siku akitaka afanye karamu. Kijungu cha jibini tu! Kama mtu wa mkate na maji ana haki ya jibini, mamangu ana haki ya bakuli la yogati iliyotokana na ng'ombe wake mwenyewe. Nilijisikia vizuri sana na hoja hiyo. Niliendelea kukoroga.

Jioni stima ikapotea.

Kama umekaa Tongaren unajua stima ikipotea haitoi ahadi. Yogati ilikuwa imeshika nusu, laini, rangi ya waridi hafifu yenye madoadoa meusi ya pasheni. Kitu cha barafu hakiwekwi akiba. Mahindi unaweza kuyafungia stoo, pesa kuzificha chini ya godoro, lakini hiki kinakulazimisha uamue sasa hivi. Nikamtuma ndugu yangu aite watoto wa jirani. Walikuja kumi na mmoja, wengine siwajui hata leo ni wa nani. Tukagawa kwa vikombe vya chai, kwa vifuniko vya thamosi, kwa chochote. Kukhu alipata bakuli lake akiwa amekaa kwenye kigoda. Baridi ikamgonga jino, akasonya, akala tena.

Mamangu alikula amesimama mlangoni. Alikula polepole. Kisha akasema, bila kumwambia mtu hasa, "Kumbe yako hivi." Nikamuuliza nini kiko hivi. "Maziwa yetu."

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa nzuri na mimi ningekuwa shujaa wake. Lakini usiku, tukiwa na mshumaa, nilifanya kosa la kutoa simu. Nikamwambia, "Mayi, nakutumia ile 150 ya asubuhi. Hata nitakutumia 500." Akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Ukinilipa utakuwa umenunua," akasema. "Na mimi sikukuuzia."

Nikasema nilitaka tu afurahie kitu. Akasema amefurahia, ilikuwa tamu. "Lakini hukuniuliza."

Nimerudi Nairobi na maneno hayo. Mwanzoni niliyachukua kama lawama ndogo ya mzazi, suala la adabu. Sasa naona ndiyo hoja yote, na kwamba mimi na Singer tulikuwa tumelikosa jambo lile lile kwa njia tofauti. Yeye anauliza: je, starehe hii ni halali wakati kuna mwenye uhitaji? Mimi nilijibu: ni halali, kwa sababu mwenye uhitaji naye ni mtu. Hakuna kati yetu aliyeuliza ni nani anayeamua.

Ngoja nieleze kidogo kuhusu maziwa ya asubuhi. Kabla ya uhuru, eneo letu lilikuwa mashamba ya walowezi wazungu. Kuanzia mwaka 1962, chini ya mpango wa Ekari Milioni Moja, mengi ya mashamba ya aina hiyo yalikatwa vipande na Waafrika wakapewa, lakini si bure. Ulipewa pamoja na deni. Babu alipata kipande chenye namba na mkopo wenye namba, na mkopo ulilipwa kwa mahindi na maziwa. Kwa hiyo kukhu alipoolewa hapa alikuta tayari maziwa ya asubuhi si ya mtu kunywa. Deni lilipokwisha, karo zikaanza. Watoto wake wakasoma kwa asubuhi hizo, na sisi vilevile. Shahada yangu, ile iliyonipa mshahara wa kununua friji, ni maziwa ya asubuhi yaliyopimwa.

Nilikuwa nikiuita mpango huo mateso. Kwamba mamangu anajinyima. Lakini mtu anayechagua kitu kila siku kwa miaka ishirini, akijua bei yake na sababu yake, huyo hajinyimi tu. Anaunda kitu. Nimemwona akiikunja risiti ya karo kama watu wanavyokunja barua ya mpenzi. Hiyo pia ni raha, na haiyeyuki stima ikipotea. Mimi nilikuja na uma na simu, nikamwambia raha ya kweli ni hii nyingine, tena nikamgawia kutoka kwenye ndoo yake. Ukarimu kwa mali ya mwenzako hauna gharama. Sisi tulioenda mjini tunaufanya sana: tunarudi Desemba kuwafundisha wazazi kuishi.

Hata hivyo siwezi kusema nilikosea kabisa, na hapa ndipo ninapokwama. Mamangu alikuwa mwanafunzi wa msingi wakati wa maziwa ya Nyayo, mpango ulioanza mwaka 1979, kila mtoto pakiti yake. Anaikumbuka pakiti ile yenye pembe. Anasema ndiyo maziwa pekee maishani mwake ambayo hakuna mtu aliyemuuliza ameyapima wapi. Sasa, mtu ambaye hajawahi kuonja maziwa yake kama karamu, tunaweza kusema amechagua kuyauza? Uchaguzi unahitaji vitu viwili mkononi. Alikuwa na kimoja. "Kumbe yako hivi" ni maneno ya mtu aliyepewa cha pili.

Kwa hiyo nadhani hivi: kitu chenyewe kilistahili kutengenezwa, na namna niliyokitengeneza ilikuwa wizi mdogo. Yote mawili, na la kwanza halifuti la pili. Ningemwamsha alfajiri ile nikamwambia, "Mayi, nipe lita tatu tuone," pengine angekataa. Na angekataa, ingekuwa ni jibu pia, na mapera yangeoza kama kawaida.

Mwezi wa nne alinipigia simu. Alitaka kujua unachuja kwa saa ngapi, na kama leso nyepesi inafaa. Nikauliza ni ya nini. Akasema Jumapili baada ya misa watoto wanatoka na joto, na mtu akiweka kwenye vikombe vidogo vya shilingi 20, lita moja inazidi 50 mara kadhaa. Alikuwa ameshapiga hesabu ya sukari na tokeni.

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anabakiza chake. Akasema mapera mwaka huu ni mengi, na kwamba kukhu anauliza nitakuja lini.