Je, Aachaye Mashindano ni Mwoga?

Mara nyingi twabishana jambo hili wala hatupatani: mtu aliyeanza kazi mbele ya watu wote, kisha akaiacha katikati kwa kuhofu mauti, je, aitwe mwoga? Wengi hujibu upesi kwamba ndiye mwoga hasa. Sisi twapenda kuleta habari za mtu mmoja, ili msomaji apime mwenyewe.

Mtu huyo ni Niki Lauda, aliyezaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1949, akafa mwaka 2019. Kazi yake ilikuwa kushindana kwa motokaa ziendazo mbio kupita kiasi. Jamaa zake walikuwa matajiri, wala hawakutaka aishike kazi hiyo. Basi alikopa fedha benki ili aianze, na mwaka 1975 akawa bingwa wa dunia kwa gari la Ferrari la Italia. Hatusemi ya kuwa wanadamu hawawezi kuishi bila michezo hiyo. Lakini ujasiri hupimwa hata katika mambo yasiyo ya lazima.

Tarehe 1 Agosti 1976 walishindana Ujerumani, katika njia ya Nürburgring, yenye urefu wa kilometa 22 na zaidi, ipitayo milimani na msituni. Lauda aliwaambia wenziwe kwamba njia hiyo ni ya hatari, akawaomba wasishindane. Wakapiga kura, naye akashindwa. Basi akaingia pamoja nao. Na katika mzunguko wa pili gari lake likatoka njiani, likagonga ukingo, likawaka moto. Madereva wenzake ndio waliomtoa. Uso uliungua, mapafu yakaharibika kwa moshi wenye sumu, hata padre akaitwa hospitali kumpa sakramenti ya wanaokufa. Lakini hakufa. Baada ya majuma sita, vidonda havijapona, alirudi kushindana Monza, Italia, akawa wa nne. Baadaye alisema wazi kwamba siku zile hofu ilimkamata sana.

Tarehe 24 Oktoba mwaka ule ule yalifanyika mashindano ya mwisho, huko Fuji katika nchi ya Japani. Lauda alimzidi James Hunt, Mwingereza, kwa alama 3 tu. Mvua ilinyesha kwa nguvu, maji yakasimama njiani, na kope zake zilizoungua hazikuweza kufumba vizuri. Akazunguka mara mbili, kisha akaingia pembeni, akashuka. Hunt akamaliza wa tatu, akapata ubingwa kwa alama 69; Lauda alibaki na 68.

Haya, ni mwoga? Wazee wetu husema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii wengi huifanya ngao ya uvivu wao, nasi hatupendezwi. Maana aitajaye mara nyingi hajafika hata mlangoni pa hatari. Lauda alikuwa amekwisha ingia ndani. Mvuvi aliyezamishwa na tufani, akarudi baharini mara alipopata nguvu, kisha siku moja akatazama wingu akavuta chombo chake mchangani, nani atamcheka? Labda yule asiyejua kuogelea.

Walakini iko hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Gari lile halikuwa kazi yake peke yake. Walikuwako mafundi waliolitengeneza mwaka mzima, nao walitumaini ubingwa. Je, alikuwa na haki ya kuwapotezea taabu yao? Twaona kwamba mtu hudaiwa jasho lake na uaminifu wake. Bali uhai wake haudaiwi kwa ajili ya kombe. Ingalikuwa ni kumwokoa mtu katika moto, tungalinena vingine, na madereva wale wa Nürburgring walilijua hilo bila kufundishwa.

Lakini linalotushika hasa ni neno dogo lililofuata. Aliposhuka, mkuu wa mafundi wa Ferrari alimwambia kwamba watatangaza ya kuwa mashine imeharibika. Uongo huo ungalimfaa sana, wala nani angaliuchunguza? Lauda akakataa, akataka isemwe kweli, kwamba ameacha kwa hiari yake kwa sababu ya mvua. Fikiri, msomaji. Madereva wengine watatu pia waliacha siku ile. Kama bingwa angalisingizia mashine, hao wangaliachiwa aibu peke yao. Na kila dereva wa baadaye mwenye hofu ya haki angalilazimika kutafuta chuma cha kukisingizia. Kuingia motoni ni ujasiri wa mwili. Lakini kusema “niliogopa” mbele ya watu waliokulipa ili usiogope, twadhani wachache wanaweza.

Mwaka 1977 akawa bingwa tena kwa gari la Ferrari. Akaacha kazi mwaka 1979, akairudia, na mwaka 1984 akapata ubingwa wa tatu kwa gari la McLaren, akimzidi mwenzake Alain Prost kwa nusu ya alama. Nusu hiyo ina asili yake Monaco, ambako Prost alishinda, lakini mashindano yakakatizwa kabla ya nusu ya safari, na washindi wakapewa nusu tu ya alama zao. Sababu ilikuwa mvua. Na safari hii walioamua kwamba imezidi walikuwa wasimamizi wenyewe.