Faini za Magari Yasiyo na Namba

Mtafiti mmoja wa usalama wa kompyuta huko California alisajili gari lake kwa namba ya kujichagulia: NULL. Waandika programu wanalijua neno hilo, ndilo linalokaa kwenye kanzidata pale taarifa inapokosekana. Alitania kwamba huenda mashine za faini zisimwone. Ikawa kinyume. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa DEF CON mjini Las Vegas, alisimulia alivyoletewa faini za magari asiyoyajua, hadi zikapita dola 12,000. Askari akiacha wazi nafasi ya namba ya gari, mfumo uliandika NULL, ukamtafuta mwenye namba hiyo, ukampata.

Mfumo ule ulichukua alama ya kukosekana kwa taarifa ukaifanya taarifa. Makosa ya jinsi hii huanza mapema, wakati wa kujifunza, na siku hizi wengi hujifunzia kwenye kamusi elezo za mtandaoni. Mwanafunzi akisoma kwamba NULL ni "thamani tupu", ananakili, anafaulu mtihani, anaajiriwa.

Tuseme ameajiriwa na chama cha kuweka na kukopa. Kuna jedwali la wanachama na jedwali la malipo. Anaiuliza kanzidata, kwa amri ya NOT IN ya lugha ya SQL: nipe wanachama ambao namba zao hazimo kwenye malipo. Ikiwa mstari mmoja tu wa malipo umekosa namba ya mwanachama, jibu litarudi bila jina hata moja. Wadaiwa wote wametakasika! Na mashine haijakosea. Imeulizwa kama namba ya mwanachama, tuseme 47, ni tofauti na namba isiyojulikana, ikajibu kwa haki kwamba haijulikani. SQL ina majibu matatu, kweli, si kweli na haijulikani, na hapo hutoa mistari ile tu ambayo jibu lake ni kweli.

Basi kamusi elezo iandike nini juu ya NULL? Hapo ndipo pagumu. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM nchini Marekani, aliweka msingi wa nadharia ya kanzidata za majedwali katika makala ya mwaka 1970. Suala la taarifa zinazokosekana alilichambua mwaka 1979, na yeye mwenyewe wakati huo aliiita NULL thamani. Katika kitabu chake cha 1990 alizungumzia alama, tena mbili: moja ya taarifa iliyopo ila haijapatikana, nyingine ya taarifa isiyohusika kabisa. Chris Date, aliyeieneza nadharia ya Codd kuliko wengi, aliikataa NULL yote. Waunda SQL wakabaki na alama moja. Mhariri wa kujitolea akiyabana hayo yote katika sentensi moja na kuitilia tanbihi ya kitabu cha darasani, ametimiza kanuni. Wikipedia hudai chanzo kilichochapishwa, na kwa kawaida huwapendelea wafafanuzi kuliko mwasisi, kwa hiyo kitabu kilichorahisisha mambo kupita kiasi nacho hupita.

Kosa linalomgusa mtu hupata mlalamikaji. Mwaka 2005 mwandishi wa habari John Seigenthaler aligundua kwamba kwa miezi kama minne makala ya Wikipedia ilimhusisha na mauaji ya akina Kennedy. Alipiga kelele gazetini, na kanuni za kuanzisha makala zikakazwa. Nadharia haina jamaa wa kwenda kulalamika, na sentensi potofu juu ya NULL haimchafulii mtu jina. Mwaka huohuo jarida la Nature lilichapisha ukaguzi wa wataalamu juu ya mada 42 za sayansi katika kamusi elezo mbili: Wikipedia ilikuwa na makosa kama manne kwa kila makala, Britannica kama matatu. Kwa maoni yangu Wikipedia haikufanya vibaya. Shida ni kwamba msomaji haambiwi manne hayo ni yapi.

Kwa hiyo wewe unayejenga mfumo utakaobeba fedha za watu, usiishie kwenye kamusi elezo. Fuata tanbihi hadi mwisho, msome Codd, kisha msome Date anayempinga. Halafu ingiza mstari mmoja wa malipo usio na namba ya mwanachama, uone mfumo wako unajibu nini, kabla wanachama hawajaanza kuutumia.