Kutoa Bila Kupenda

*Soma 1 Wakorintho 13:1–3. Je, yawezekanaje mtu agawe mali yake yote kwa maskini na bado asiwe na upendo?*

Wasomaji wa Kiingereza wamelisoma fungu hili kwa maneno mawili. William Tyndale, katika Agano Jipya lake la mwaka 1526, aliandika “love”. Thomas More alimlaumu vikali, akitaka “charity”, neno linalotokana na “caritas” la Biblia ya Kilatini. Biblia ya King James ya mwaka 1611 ikaweka “charity” katika sura hii. Tafsiri iliyosahihishwa ya mwaka 1881 ikarudi kwenye “love”. Lakini Paulo aliandika neno moja tu la Kiyunani, *agape*. Ni lilo hilo analolitumia katika Warumi 5:8, ambapo King James yenyewe inasema “love”.

Tangu hapo maneno hayo mawili yameachana. Leo “charity” ni msaada kwa wahitaji, au shirika linalotoa msaada huo. Kwa maana hiyo, Paulo angeonekana kusema kwamba mtu amewapa maskini vyote, ila hajawasaidia maskini! “Love” nalo limechakaa: mtu hulitumia kwa mkewe, kwa chai na kwa timu yake ya mpira. Moja limebaki mkono usio na moyo. Jingine, moyo usio na mkono.

Sisi tunasema “upendo”, nasi twaweza kudhani kwamba tumeokoka na mtego huo. Sivyo. Wakati fulani nilikwenda na wenzangu wa Dorkasi kwa mama mmoja mjane. Tulimkabidhi unga, sukari na sabuni, tukapiga picha, tukaomba, tukaondoka. Tulipokuwa njiani, mmoja wetu aliuliza, “Yule mama anaitwa nani?” Hakuna aliyejua. Ripoti ya robo ilisomeka vizuri, lakini mimi swali lile halijaniacha hadi leo.

*Soma Marko 1:40–42. Yesu angeweza kumponya mwenye ukoma kwa neno tu. Kwa nini alimgusa?*

Mtu yule alihitaji kutakaswa, lakini pia alihitaji kuhesabiwa tena kuwa mtu. Kristo alimhurumia, kisha akanyosha mkono. Havikutenganishwa. Yohana naye anatuonya upande wa pili: anayemwona ndugu yake ni mhitaji na kumfungia huruma, upendo wake umeishia mdomoni (1 Yohana 3:17, 18).

Basi tusiache kutoa kwa kisingizio kwamba mioyo yetu bado haijawa tayari. Mwenye njaa hawezi kungoja. Tutoe, tukimwomba Bwana atupe pia macho ya kumwona tunayempa.

Tafakari: Mtaje kwa jina mtu uliyemsaidia mwezi huu. Kama hulijui jina lake, utafanya nini kabla ya Sabato ijayo?