Ujuzi wa Mahali na Haki ya Kubishiwa Hodi

Swali la mahali ni kongwe katika falsafa. Aristotle, katika kitabu cha nne cha Fizikia yake, alishikilia kwamba mahali pa kitu ni mpaka wa ndani wa kile kinachokizunguka. Newton akafundisha kwamba ipo nafasi iliyo huru, isiyotegemea vitu vilivyomo. Naye Leibniz, katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke kati ya 1715 na 1716, akakataa fundisho hilo na kusema kwamba nafasi si chochote ila mpangilio wa vitu vinavyokuwepo kwa pamoja. Mjadala huo umepata uhai mpya katika tawi la uhandisi linaloshughulikia namna ya kutambua, kwa kutumia sauti zisizosikika na binadamu, mahali kilipo kifaa cha mkononi ndani ya jengo. Hata hivyo, swali zito zaidi linaloibuliwa na ufundi huo si mahali ni nini, bali ni nani mwenye haki ya kujua mtu yuko wapi anapokuwa ndani.

Sauti ilichaguliwa kwa sababu ya mapungufu ya redio chini ya paa. Setilaiti za GPS huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake hufika ardhini yakiwa yamefifia mno, hata kuta za zege na mapaa ya bati huyazuia au kuyapotosha. Isitoshe, redio hukimbia kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kiasi kwamba saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unaopimwa hukosewa kwa mita 300. Sauti husafiri hewani mita 343 tu kwa sekunde hewa inapokuwa na nyuzijoto 20, na kosa lilelile la saa halifiki hata nusu milimita. Sauti inayotumika huitwa ya ultrasoniki, yaani ile ambayo mitetemo yake huzidi 20,000 kwa sekunde, kikomo cha sikio la binadamu. Ndiyo sauti ambayo Donald Griffin na George Pierce, mwaka 1938 huko Harvard, walithibitisha kwamba popo huitoa wanaporuka gizani.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleweka. Kifaa kimoja hutoa ishara ya redio na mlio wa ultrasoniki kwa wakati mmoja. Redio hufika papo hapo, mlio huchelewa, na muda wa kuchelewa ukizidishwa kwa kasi ya sauti hutoa umbali. Umbali kutoka sehemu tatu zinazojulikana darini hutosha kuonyesha kifaa kilipo. Hapa Leibniz anaonekana kushinda, kwa kuwa mahali panapopatikana kwa njia hii ni jumla ya mahusiano kati ya vitu. Lakini Aristotle naye ana fungu lake, kwani sauti ya aina hii kwa kawaida haipenyi ukuta, na kwa hiyo anayeunasa mlio hupata kujua, pamoja na umbali, kwamba yeye na chanzo chake wamezungukwa na kuta zilezile. Redio hupita chumba hadi chumba bila kubagua. Sauti hukitambua chumba na hata hewa yake, maana kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka kasi yake huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde.

Mifumo miwili ya mwanzo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Wa kwanza, ulioitwa Active Bat, ulibuniwa mjini Cambridge, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1990 na kundi la watafiti akiwemo Andy Hopper. Kila mfanyakazi alibeba kidude kilichotoa mlio kila kilipoamriwa kwa redio, vipokezi vilivyopangwa darini vikausikia, na kompyuta ikajua, kwa usahihi wa karibu sentimita 3, kila mmoja yuko wapi. Wa pili ulitangazwa mwaka 2000 na Nissanka Priyantha, Anit Chakraborty na Hari Balakrishnan wa chuo cha MIT, Marekani, ukapewa jina la Cricket. Watafiti hao waligeuza mwelekeo: vitoa mlio vikafungwa ukutani na darini, na kifaa cha mtu kikawa msikilizaji tu, kinachokokotoa chenyewe mahali kilipo bila kulazimika kumwarifu yeyote. Katika mfumo wa kwanza jengo humjua mtu. Katika wa pili mtu hulijua jengo, nalo jengo halina habari ni nani aliyesikiliza. Kwa kuwa fizikia na hesabu za mifumo yote miwili ni zilezile, uamuzi wa kuchagua mmoja na kuuacha mwingine hauwezi kusingiziwa sayansi. Ni uamuzi wa kimaadili, na anayeufanya anawajibika kwao wote watakaopita chini ya dari hiyo.

Ujio wa simu za kisasa ulionyesha kwamba mwelekeo wa sauti peke yake si kinga ya kutosha. Simu hurekodi kwa kuchukua sampuli 44,100 au 48,000 za sauti kwa sekunde, jambo linaloiwezesha kunasa mitetemo hadi karibu nusu ya idadi hiyo, na hivyo mlio wa mitetemo kati ya 18,000 na 20,000, ambao watu wazima wengi hawausikii, huingia katika maikrofoni yake bila kifaa cha ziada. Machi 2016 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja iliwaonya kwa barua watengenezaji 12 wa programu zilizokuwa na uwezo wa kusikiliza milio iliyofichwa katika sauti za televisheni. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, Ujerumani, walieleza kwamba walikuta programu 234 za Android zenye uwezo kama huo, na kwamba kati ya maduka 35 waliyoyapima katika miji miwili ya Ulaya, 4 yalikuwa yakitoa milio hiyo. Simu hapo ni msikilizaji, kama ilivyo katika Cricket, lakini programu iliyomo huweza kupeleka ilichosikia kwa watu ambao mwenye simu hawajui.

Muumini anaweza kuuliza kwa nini jambo hili limsumbue, ilhali dini yake inamfundisha kwamba Mungu anajua kila aliyesimama na kila aliyeketi, na kwamba hakuna chumba kilichofungwa mbele Yake. Hoja hii husikika mara nyingi, tena kwa nia njema, pamoja na ile isemayo kwamba asiye na hatia hana la kuficha. Udhaifu wake ni kwamba vitabu vilevile vinavyofundisha ujuzi wa Mungu usio na mipaka ndivyo vinavyomwekea binadamu mipaka. Kurani, inayosema kwamba Mungu yu karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake, inakataza kupelelezana katika sura ya 49, na katika sura ya 24 inaamuru kwamba asiingie mtu nyumba isiyo yake mpaka aombe ruhusa na kuwasalimu waliomo. Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo kinamwonyesha Mungu akimuuliza Adamu aliyejificha yuko wapi, ingawa msomaji hana shaka kwamba Muulizaji anajua; kisha, kabla ya kuwatoa bustanini, anawavika mavazi. Ujuzi unaosimuliwa humo humpa mtu nafasi ya kujibu, tena humsitiri. Kifaa kinachomnukuu mtu kimyakimya hakina sifa hata moja kati ya hizo mbili, na kukifananisha na jicho la Mungu ni kukipa heshima kisichostahili.

Al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, ameipokea katika kitabu chake Ihya habari inayosimuliwa juu ya Khalifa Umar, ambaye usiku mmoja alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mwenyewe katika maasi. Mtu yule alikiri kosa lake moja, lakini akamkumbusha Khalifa kwamba yeye ametenda matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlango, na hakutoa salamu. Umar, kwa mujibu wa masimulizi hayo, alikubali na kumwacha. Uzito wa habari hii umo katika jambo moja ambalo watetezi wa vifaa vya kufuatilia watu hulipita haraka, nalo ni kwamba mwenye nyumba alikuwa na la kuficha, lilikuwa baya, na bado haki yake ya kubishiwa hodi haikufutika. Mlio usiosikika, unaopokelewa kupitia maikrofoni iliyoruhusiwa kwa kazi nyingine, una makosa yote matatu aliyoambiwa Umar, wala hauna ukhalifa wa kujitetea kwao.

Wapo watu ambao kwao kujulikana walipo ni rehema. Kipofu anayetafuta njia katika hospitali kubwa anahitaji kujua yuko wapi, na mfumo wa namna ya Cricket unamtosheleza bila hospitali kumfuatilia. Hali ya mzee aliyepotewa na kumbukumbu ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo lazima mtu mwingine ajue, na idhini ya mzee mwenyewe haiwezi kupatikana kikamilifu. Ujuzi huo unafaa kuhesabiwa kuwa amana: ubaki kwa wale watakaokwenda kumwinua akianguka, na ufutwe haja inapokwisha.

Sheria za kulinda taarifa binafsi, ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, zinatambua ridhaa ya mhusika kuwa miongoni mwa misingi ya kutumia taarifa zake. Kasoro iko katika namna ridhaa hiyo inavyoombwa, kwani programu nyingi huiomba mara moja, kwa maandishi marefu, siku ya kuwekwa katika simu, na baada ya hapo ukimya wa mtumiaji huhesabiwa kuwa ni kukubali kwa kila jengo atakaloingia. Desturi ya hodi, katika mafunzo ya Kiislamu na katika adabu za pwani ya Afrika Mashariki, ina utaratibu ulio kinyume: hupigwa katika kila nyumba, hurudiwa hadi mara tatu, na mgeni asipoitikiwa huondoka.