Kuwaka Peke Yake Hakutoshi

Mwenye kompyuta akilalamika kwamba Wi-Fi imekufa baada ya mfumo kujisasisha, jibu atakalolisikia karibu kila mahali ni moja: "Piga window upya," yaani Windows yote ifutwe na kusakinishwa upya. Fundi halitoi kwa ubaya. Ndiyo njia aliyoizoea, na mara nyingi mtandao hurudi kweli. Hata hivyo jibu hilo linaniudhi, kwa kuwa linamtwisha mwenye mashine gharama ya kosa ambalo hakulitenda. Jioni kompyuta ilikuwa inashika mtandao vizuri. Asubuhi, baada ya sasisho ambalo pengine hata hakuliomba, haishiki. Halafu anayetakiwa kuhamisha mafaili, kulipa na kusakinisha programu zake zote upya ni yeye. Nasema wajibu wa kuurudisha mtandao ni wa aliyeubadilisha mfumo, na kwamba mashine yenyewe inaweza kufundishwa kutambua kuwa imeharibiwa.

Tuangalie yaliyotokea Desemba 2016. Watumiaji wa Windows 10 nchini Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya walijikuta hawana intaneti, na wengi wao wakawalaumu waliowauzia huduma hiyo. Kampuni kama BT na Plusnet zikalazimika kuwaeleza wateja kwamba tatizo limo ndani ya Windows. Sasisho la siku chache kabla ndilo lililoshukiwa. Huduma moja ya ndani ya mfumo ilikuwa inaanguka, na ikishaanguka kompyuta inaweza kushindwa kupata anwani ya IP kutoka kwenye ruta. Bila anwani hiyo, kompyuta inaweza kuiona ruta na hata kukubaliwa nenosiri lake, lakini haitafungua ukurasa wowote. Ushauri wa kwanza wa Microsoft ulikuwa mfupi: chagua kuwasha upya, usichague kuzima. Wapo walioudhihaki, lakini ulikuwa na mantiki. Tangu Windows 8, ukizima kompyuta kwa kawaida, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili mashine iwake haraka, na kwa hiyo hitilafu iliyolala nayo huamka nayo. Ukiwasha upya, mfumo hupakiwa wote kuanzia mwanzo. Tiba yenyewe ilitolewa tarehe 13 mwezi huohuo, nayo ilikuwa sasisho jingine la kushushwa kwenye intaneti. Na ule ushauri wa kuwasha upya uliwekwa kwenye tovuti. Mtu aliyekatiwa intaneti alielekezwa intaneti akachukue dawa, na sijaona mahali ambapo dosari ya utaratibu huu wote inaonekana wazi kuliko hapo.

Wala si Microsoft peke yake. Apple ilipotoa OS X Yosemite Oktoba 2014, iliiondoa programu ya zamani iliyokuwa ikishughulikia majina ya vifaa na tovuti kwenye mtandao, mDNSResponder, ikaweka mpya iliyoitwa discoveryd. Malalamiko ya Wi-Fi inayokatika na kompyuta zisizoonana yakafuata kwa miezi. Juni 2015, katika toleo la 10.10.4, Apple ikairudisha ile ya zamani. Kisha Desemba 2023 masasisho ya Windows 11 yakawanyima baadhi ya watu Wi-Fi, hasa kwenye mitandao ya vyuo na maofisi inayotumia kiwango cha 802.1X, ambamo mara nyingi kila mtumiaji huingia kwa jina na nenosiri lake. Eduroam, inayotumika pia katika vyuo kadhaa vya Kenya, Uganda na Tanzania, imejengwa juu ya kiwango hichohicho. Safari hii Microsoft ilikuwa na njia ya kuyazima mabadiliko yenye kasoro kutoka mbali bila kuliondoa sasisho zima. Ni hatua kubwa na inastahili sifa. Lakini amri ya kuyazima husafiri kwa intaneti. Asiye na waya wa kuchomeka kwenye ruta ataipokeaje?

Jambo linalofanana katika visa hivi ni kipimo cha mafanikio. Watengenezaji wamewekeza akili nyingi kuhakikisha kwamba kompyuta itawaka baada ya kusasishwa. Chromebook huwa na nakala mbili za mfumo, na mpya ikigoma kuwaka mashine hurudia ile ya zamani. Android ilianza kutumia mpango wa namna hiyo katika toleo la 7, mwaka 2016. Windows nayo inaweza kuondoa sasisho jipya ikishindwa kuwaka. Basi kompyuta ikiwaka, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Kwa mwanafunzi anayetuma kazi zake kwa mtandao au karani anayejaza ritani za kodi, kompyuta inayowaka bila mtandao haijapona. Ningetaka kipimo kiongezwe kidogo tu: mashine iliyokuwa ikishika mtandao kabla ya sasisho iweze kuushika mtandao uleule baadaye.

Atajitokeza wa kuniuliza: je, kama umeme umekatika kwa jirani mwenye ruta, au bando limeisha? Mashine itatengua sasisho zuri kwa kosa la mtu mwingine? Pingamizi hili lina uzito, lakini kompyuta inaweza kujua zaidi ya tunavyodhani. Kadi ya Wi-Fi ikitoweka kabisa kwenye orodha ya vifaa, ruta haihusiki. Inawezekana kadi yenyewe imekufa, ila draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, ikiwa ilibadilishwa na sasisho la usiku uleule, ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Kadi ikiwepo na majina ya mitandao yakaonekana, lakini mashine ikajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupewa anwani na ruta, na hapo kosa linaweza kuwa upande wowote. Anwani ikipatikana kisha tovuti zisifunguke, bando ni mtuhumiwa halali. Palipo na shaka mashine isiamue peke yake, imuulize mwenyewe.

Wengine watasema dawa ni kuacha kusasisha. Hao siwezi kuwafuata. Kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani tarehe 12 Mei 2017, kikavuruga hospitali za Uingereza, wakati kinga yake ilikuwa imetolewa tangu tarehe 14 Machi. Oktoba mwaka huohuo, Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza udhaifu katika WPA2, ulinzi uliokuwa ukitumiwa na karibu kila Wi-Fi ya kisasa. Udhaifu wa namna hiyo hauzibiki kwa kubadili nenosiri. Lazima programu isasishwe. Na hapo ndipo uzembe wa watengenezaji unapoumiza mara mbili, maana kila anayenyang'anywa mtandao na sasisho ni mtu mmoja zaidi atakayelikwepa sasisho linalofuata, hata likiwa la kumlinda.

Kuna pia wanaowatetea watengenezaji kwamba aina za kadi na draiva ni nyingi mno, haiwezekani kuzijaribu zote. Ni kweli. Ndiyo maana siwadai wasikosee kamwe. Nawadai waache draiva ya zamani ndani ya mashine, na kitufe cha kuirudisha kiwe mahali ambapo mtu wa kawaida atakiona. Kwenye Windows kitufe hicho kipo, kimefichwa ndani ya orodha ya vifaa, na wengi hawajawahi kukifungua. Fundi wa haki angeanzia hapo: awashe upya, arudishe draiva ya awali, aliondoe sasisho la mwisho, aweke upya mipangilio ya mtandao. Simu iliyochomekwa kwa waya wa USB inaweza kuipa kompyuta intaneti hata Wi-Fi yake ikiwa imekufa. Kupiga window kungekuja baada ya hayo yote kushindikana.

Ila bando la simu hiyo linalipwa na mwenye kompyuta, na masasisho ya mfumo hula mamia ya MB. Na hata kuyaahirisha hakukuwa rahisi: watumiaji wa Windows 10 Home walisubiri hadi 2019 kupewa ruhusa ya kuahirisha masasisho, kwa siku zisizozidi 35. Ombi langu ni dogo kuliko hilo. Ni dirisha moja, litokee mara mfumo mpya unapowaka bila mtandao, liwe na maandishi yaliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya mashine: mtandao uliokuwa ukiutumia jana haupatikani, je, turudishe draiva ya jana?